"Nataka Kusoma Kompyuta": Namna ya Kusoma Msimbo wa Somo Kabla ya Kujisajili Chuo cha Jamii Texas

"Nataka kusoma kompyuta." Kauli hiyo tunaisikia kwa Kiswahili mara nyingi kwenye dawati la ushauri wa masomo, kwani familia nyingi zilizotoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi zimefanya makazi Houston, Dallas na Fort Worth, na chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, ndicho mlango wa elimu ya juu ulio karibu nao na wenye ada nafuu. Tatizo ni kwamba katika orodha ya masomo ya Texas hiyo "kompyuta" ina njia mbili zisizokutana kirahisi. Asiyezijua anaweza kusoma miaka miwili, akafaulu vizuri, akapewa shahada halali, kisha chuo kikuu kikamwambia kwamba sehemu kubwa ya krediti zake, yaani vipimo vya masomo aliyofaulu, haihesabiki katika fani anayoitaka.

Vyuo hivi vina kazi mbili tangu zamani. Joliet Junior College ya Illinois, chuo cha jamii cha umma kikongwe kuliko vyote Marekani, ilianza mwaka 1901 kwa kufundisha masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu. Mafunzo ya kazi yalikuja kupanuka baadaye. Hadi leo shahada ya miaka miwili, yenye krediti zipatazo 60, hutolewa kwa sura hizo mbili. Yenye herufi A.S. (Associate of Science) humwandaa mwanafunzi kuhamia chuo kikuu, na yenye herufi A.A.S. (Associate of Applied Science) humwandaa kuingia kazini moja kwa moja, kwa mfano kuhudumia watumiaji wa kompyuta ofisini, kusimamia mitandao au kulinda mifumo. Hakuna iliyo duni. Mwenye familia ya kulisha anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuchagua A.A.S., na vipo vyuo vikuu vyenye shahada za kwanza zilizotengwa kwa ajili ya wahitimu wake, ila kwa kawaida hizo si shahada za sayansi ya kompyuta.

Utazitofautishaje njia hizi unapojisajili? Tazama msimbo wa somo, ambao vyuo vya jamii vya umma vya Texas huutumia kwa pamoja. Chukua COSC 1436, somo la kwanza la kuandika programu. Herufi COSC zinaonyesha sayansi ya kompyuta ya njia ya kitaaluma, yaani ya kuhamia chuo kikuu. Tarakimu ya kwanza, 1, ni ya mwaka wa kwanza, na ya pili, 4, ni idadi ya krediti. Ukiona ITSE, ITNW au ITSY umeingia kwenye masomo ya kazi: programu, mitandao na usalama, kwa mpangilio huo. Tarakimu ya kwanza ikiwa sifuri, somo ni la maandalizi. Utalilipia, lakini halitahesabiki kwenye shahada. Kuna pia COSC 1301, utangulizi wa matumizi ya kompyuta, ambao wengi huuchukua wakidhani ndiyo hatua ya kwanza ya fani, ilhali idara nyingi za sayansi ya kompyuta haziuhesabu kama somo la fani hata ukiwa na herufi zinazofaa.

Baada ya hapo, kinachowachelewesha watu si kompyuta bali hisabati. Masomo ya programu hufuatana: COSC 1436, kisha 1437, kisha 2436 linalohusu miundo ya data, mihula mitatu inatosha. Hisabati nayo ina mnyororo wake, kuanzia aljebra ya chuo (MATH 1314), kupitia somo la kutangulia kalkulasi (MATH 2412), hadi kalkulasi ya kwanza na ya pili (MATH 2413 na 2414). Anayeanzia aljebra anahitaji mihula minne bila kuteleza hata mara moja, na anayesema "hesabu nitazifanya mwishoni" hujikuta mwaka wa tatu yuko palepale. Hapa nina neno kwa vijana waliosoma maths-physique (mchepuo wa hisabati na fizikia) Bukavu au Lubumbashi. Ninyi mmekwisha kutana na dérivée, ambayo ni msingi wa kalkulasi, lakini mtihani wa kuwapanga katika ngazi za masomo, TSIA2, huulizwa kwa Kiingereza, na lugha ya maswali huwaangusha watu wenye uwezo mzuri wa hesabu. Mtihani huo hauna kikomo cha muda. Jifunzeni kwanza istilahi za Kiingereza, ndipo mkaufanye. Wiki mbili za maandalizi zinaweza kuokoa muhula mzima.

Wengi hulalamika kusoma historia ya Marekani na serikali ya Texas wakati walikuja kujifunza programu. Sheria ya jimbo inadai krediti 6 za historia na 6 za serikali, zikiwa ndani ya krediti 42 za masomo ya msingi, kwa hiyo malalamiko hayo hayana pa kupelekwa.

Kuhusu fedha, raia, wenye ukaazi wa kudumu na wakimbizi waliopokewa kisheria wanaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na, kipato kikiwa kidogo, kupata ruzuku ya Pell, fedha za serikali hiyo zisizorudishwa. Ruzuku hiyo ina mwisho: kwa maisha yako yote ni sawa na mihula 12 ya kusoma muda kamili, na kila somo lisilohesabika hula sehemu yake. Zaidi ya hayo, Texas hairuhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuacha zaidi ya masomo sita katika vyuo vyake vya umma. Mwenye viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, hapati Pell, na kwa kawaida hutakiwa kubeba krediti 12 kila muhula, huku somo moja tu la mtandaoni likihesabiwa humo.

Kwa anayefanya kazi ya zamu za usiku ghalani, ushauri wangu ni kuchukua somo moja la programu na moja la hisabati kwa muhula, kuliko mawili ya programu kwa pamoja, kwa kuwa zoezi moja la programu linaweza kumeza Jumamosi nzima kwa sababu ya nukta-mkato iliyosahauliwa. Na unapokuja kwetu, njoo na jina la chuo kikuu unachokilenga pamoja na ukurasa wa mpango wake wa shahada uliochapishwa, tuukague msimbo kwa msimbo kabla hujalipa ada.