Chungwa lisilo na uzito

"Mwanangu, mbona chungwa lenyewe halina uzito?"

Bibi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliniuliza hivyo siku ya kwanza nilipomvisha miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mtu mandhari ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake. Kiharusi kimemlegeza mkono wa kulia, nami namsaidia kuurudisha kazini. Ndani ya miwani aliona genge na mafungu ya machungwa (mazuri kama ya Muheza, alikiri), na kazi yake ilikuwa kuyatia kapuni. Akinyoosha mkono, anashika hewa.

Aligusa penyewe. Unapookota chungwa, ngozi ya vidole ndiyo inayoujulisha ubongo kama limeshikika, linateleza au umelibana mno, nao hurekebisha nguvu papo hapo. Kiharusi huweza kuiba hisia hiyo pamoja na nguvu. Ndiyo sababu ya kuongeza mrejesho wa mguso: glavu yenye mota ndogo zinazotetema kidole kinapofika kwenye chungwa, mithili ya simu iliyozimwa mlio, au mkono wa roboti unaosukuma kinyume ili mtu ahisi uzito. Roboti ni ghali. Mimi natumia kidhibiti cha kushika kinachotetema, basi.

Miwani hunisaidia zaidi kwenye marudio. Ubongo hujipanga upya kwa kurudia tendo mara nyingi mno, ilhali utafiti uliotoka 2009 uliwakuta wagonjwa wa kiharusi wakirudia matendo halisi ya mkono wastani wa mara 32 tu kwa kipindi kimoja cha tiba. Bibi akiwa gengeni hahesabu; anataka kumaliza fungu.

Hata hivyo ndugu wakiniuliza kama miwani ni bora kuliko mazoezi ya kawaida, nasema si kwa kiasi kikubwa. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yenye tafiti 72 na washiriki 2,470, hayakuona ikiyashinda kwa kazi za mkono; yale mapya ya 2025 yaliona ikiyazidi kidogo tu. Mwaka 2017 manufaa yalionekana ilipoongezwa juu ya mazoezi hayo. Na mgonjwa akae kitini, maana wengine hupata kizunguzungu.

Nyumbani bibi alitaka arudie kukuna nazi. Nilimkatalia kwa sasa: meno ya mbuzi hayana huruma kwa mkono usiohisi. Nikamwagiza beseni la machungwa ya kweli, ashike akiyatazama, kisha akiwa amefumba macho. Wajukuu nao niliwaonya wasimnyanyue kwa kuuvuta mkono ule, bega litateguka.

Juzi alibana moja likapasuka, maji yote kwenye kanga. Tulicheka sana. Sasa tunajifunza kubana kidogo.