Samaki hasi elfu nne, na kazi ya idara ya hisabati

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, aliposikia nafundisha hesabu chuoni, alinitazama, akaitazama simu yake. "Mwalimu, kujumlisha si hiki kisimu kinafanya? Miaka mitatu mnafundishana nini?"

Nikacheka, nikanunua sado moja, kile kindoo cha kupimia, nikaondoka bila kumjibu. Nimekaa na swali lake tangu siku ile.

Kwenye karatasi tuna malengo kama idara yoyote: kufundisha, kutafiti, kuhudumia jamii. Tena tunawafundishia wenzetu wanafunzi wao, maana wa uchumi wanataka kalkulasi na wa sosholojia wanataka takwimu. Wiki nyingine naona tumekuwa jiko la shughuli, watu wanakula bila kuuliza kuni zimetoka wapi.

Mzigo mzito ni kuandaa walimu. Baraza la Mitihani, NECTA, likitangaza matokeo ya kidato cha nne, hisabati ndiyo huburuza mkia, mwaka nenda mwaka rudi. Wengi wa vijana wetu watasimama mbele ya madarasa ya Sengerema, Magu na Ukerewe. Aliyekuja kwetu amekariri, akiondoka hivyohivyo, atakwenda kukaririsha. Kwa hiyo siku ya kwanza nauliza: kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Jibu ni moja: "Ndiyo kanuni, mwalimu."

Haya. Zidisha hasi moja kwa sifuri. Jibu ni sifuri, hakuna ubishi. Sasa hiyo sifuri iandike kama moja jumlisha hasi moja, ufungue mabano. Unapata hasi moja, jumlisha hasi moja mara hasi moja, na vyote pamoja lazima viwe sifuri. Basi hicho kipande cha pili hakina pa kwenda ila kuwa moja. Huwa kunatokea kimya kidogo darasani. Kimya hicho ndicho ninacholipwa mshahara kukitafuta.

Lakini uthibitisho ni upande mmoja. Upande wa pili, kuieleza dunia kwa milinganyo, yaani kujenga modeli, tunajifunza kwa samaki.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanabiolojia wa Italia, Umberto D'Ancona, alipitia takwimu za masoko ya samaki ya Bahari ya Adriatic. Akaona kwamba miaka ya vita, uvuvi ulipopungua, walioongeza sehemu yao sokoni ni samaki wanaokula wenzao, papa na jamaa zake. Swali akampelekea baba mkwe wake, mwanahisabati Vito Volterra, ambaye mwaka 1926 alichapisha milinganyo miwili: mmoja wa wanaoliwa, mmoja wa wanaokula. Alfred Lotka, huko Marekani, alikuwa ameshaifikia kwa njia yake mwaka 1925. Humo mna jambo lisilotarajiwa: ukivua aina zote mbili kwa kiasi, wastani wa walaji hushuka na wa wanaoliwa hupanda. Nyavu zilipopumzika, mambo yakageuka.

Hapo darasa la Mwanza huamka lenyewe. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akafumuka miaka ya 1980, na furu, waliokuwa mamia ya aina, wakatoweka kwa wingi. Baadaye sangara alipovuliwa sana, baadhi ya furu wakaonekana tena katika Ghuba ya Mwanza. "Volterra huyo!" wanasema. Ni yeye, lakini si yeye peke yake. Milinganyo miwili haina nafasi ya dagaa, walioongezeka sangara akiwa anatawala. Haina nafasi ya kina cha ziwa kilichokosa hewa kwa uchafu, wala ya maji yaliyofifia hadi furu jike asiweze kutofautisha rangi ya dume wa aina yake na ya jirani.

Mwaka fulani mwanafunzi alikokotoa swali la uvuvi wa tani zilezile kila mwaka, bila kosa hata moja, akahitimisha kwamba baada ya miaka 12 ziwa litakuwa na samaki hasi elfu nne. Akapigia mstari mara mbili. Nikamwandikia pembeni: "Hawa wanaogelea wapi?" Hesabu ilikuwa sahihi, ni modeli iliyokuwa imeshakufa kabla ya mwaka wa 12, naye hakuiona ikifa. Simu ya yule mama ingetoa jibu hilohilo, hadi mstari.

Mwingine alitaka kuonyesha kwamba bei ya dagaa hufuata mwezi. Wakati wa giza wavuvi wanaingia na taa, mbalamwezi ikikolea wanapumzika, dagaa wanaadimika. Mzunguko wa siku 29 na nusu, ugumu uko wapi? Akaandika bei ya sado kila siku kwa miezi mitatu. Grafu ikagoma. Tukabadilisha mbinu za takwimu wiki mbili nzima, ikazidi kugoma. Mwishowe tukaenda Mwaloni na chupa ya lita moja, tukaomba ruhusa, tukawa tunajaza maji kwenye sado mojamoja. Kila moja ilibeba yake. Kadhaa zilikuwa zimegongwa kitako kikaingia ndani. Bei inayotajwa ilikuwa haisogei sana. Kilichopanda na kushuka na mwezi ni kitako.

Mama yule alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, akitutazama tunavyomwaga maji.

"Mwalimu," akasema, "hilo si mngeniuliza mimi?"