Kinga ya ajali: mwanafunzi afundishwe nini kuhusu moto

Kinga ya ajali ni yale yote yanayofanywa mapema ili mtu asiumie, au akiumia, asiumie vibaya. Wengi wetu tumeizoea kama onyo tu: "Ujiangalie!", "Usicheze na moto!" Onyo peke yake halitoshi. Mtoto wa miaka sita anaweza kulikariri vizuri darasani asubuhi, na jioni akajikwaa kwenye mbabula, yaani jiko la makala, wala hakuwa anacheza na moto. Alikuwa anakimbia kumpokea baba yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo somo hili lina uzito kwetu kama hesabu na kusoma.

Katika miaka ya 1960, daktari Mmarekani William Haddon, aliyeshughulikia ajali za barabarani, aliigawa ajali katika nyakati tatu: kabla haijatokea, inapotokea, na ikishatokea. Mgawanyo huo unafaa kwa moto pia, na unampa mwalimu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mpango wa somo.

Tuanze na kabla, maana hapo ndipo penye kazi kubwa. Tazama nyumba za mbao za Kadutu, hapa Bukavu, zilizobanana mlimani, ukuta wa huyu ukigusana na wa yule. Mvua ikinyesha, mama anaingiza mbabula ndani na kuiweka mlangoni ili moshi upate pa kutokea. Juu yake sufuria ya maji ya bugali inachemka. Na mlango ni huo mmoja. Mtoto akitoka mbio, maji yanamwagikia. Moto ukishika ukuta, wote wamefungiwa ndani. Hapo kumwambia mtoto awe mwangalifu ni kumtwika mzigo wa wakubwa. Mbabula ndiyo ihame: ikae mbali na njia, mbali na mbao, mahali penye hewa. Na usiku isiachwe ikiwaka chumbani walimolala watu, hata kukiwa na baridi, kwa sababu makala yanatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka.

Mtoto naye ana sehemu yake. Mwalimu achore kwa chaki duara sakafuni, mita 1 kutoka kwenye kiti kilichowekwa badala ya mbabula, watoto wacheze kando yake bila kuvuka mstari. Wakirudi nyumbani watawafundisha wadogo zao mpaka huo huo.

Moto unapotokea, mtoto hutenda alichowahi kukizoeza mwili wake. Wadogo wakiogopa hujificha chini ya kitanda, na hapo waokoaji huchelewa kuwaona. Kwa hiyo wazoezwe kutoka. Moshi hupanda juu, hewa safi kidogo hubaki chini. Basi katika zoezi watambae, macho yamefumbwa kana kwamba moshi umejaa, mkono mmoja ukifuata ukuta hadi mlangoni. Nguo ikishika moto, asikimbie: asimame, alale chini, afunike uso kwa mikono, ajiviringishe. Akishatoka asirudi ndani, hata kama mfuko wa shule umebaki. Aende mahali ambapo familia imekubaliana kukutana, apige kelele majirani wasikie. Zoezi hili lifanywe kwa vitendo, sakafuni, mara kwa mara, hata kama sare zitachafuka.

Ikishatokea, kinachohitajika ni maji. Sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Najua maji yetu mara nyingi ni ya bidoni, yamepandishwa mlimani kwa mgongo. Yamwagwe polepole kwa kikombe juu ya beseni. Dawa ya meno, mafuta, yai na unga visipakwe: haviponyi, na vinaweza kuleta uchafu kwenye kidonda. Nguo na bangili zivuliwe mapema kabla hapajavimba, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Kisha pafunikwe kwa kitambaa safi, mtoto apelekwe kwenye kituo cha afya. Na ikiwa mzazi amekuja kujua saa moja au mbili baadaye, bado ayamwage maji hayo, kwa sababu kupoza kunasaidia hadi saa tatu tangu kuungua.