Fomula ndani ya Conditional Formatting inafanyaje kazi

Kupaka seli rangi kwa mkono kila mtu anaweza, shida ni kwamba rangi hiyo haijui kilichomo ndani, data ikibadilika, rangi inabaki palepale na shiti inaanza kukudanganya. Conditional Formatting ni kanuni unayoipa Excel au Google Sheets kwamba sharti hili likitimia paka, lisipotimia acha. Thamani ya seli haiguswi, kinachobadilika ni muonekano tu.

Zile kanuni za tayari, kama kubwa kuliko namba fulani, zinaangalia seli ileile inayopakwa. Ukitaka mstari mzima uwake kwa sababu ya seli moja, hapo ndo unahitaji fomula. Na fomula yenyewe ni swali la ndiyo au hapana tu, jibu ni TRUE au FALSE, programu inaliuliza upya kwa kila seli ya eneo ulilochagua.

Tuseme una orodha ya kazi, kolamu C ina tarehe ya mwisho, D ina hali ya kazi. Unachagua A2 mpaka D100 afu kwenye kanuni ya Conditional Formatting, siyo ndani ya seli, unaandika:

=AND($C2<TODAY(),$D2<>"Tayari")

Yaani tarehe ya mwisho iko kabla ya leo (TODAY), na hapohapo (AND) hali ya kazi si (<>) "Tayari". Sasa iangalie vizuri hiyo alama ya dola maana ndo roho ya kitu chote. Fomula unaiandika kama vile ni ya seli ya kwanza peke yake, ile ya juu kushoto, zingine programu inasogeza yenyewe. Dola mbele ya C inafunga kolamu, kwa hiyo ikifika A7 au B7 bado inaenda kusoma C7 na D7, ila ile 2 haina dola ndo maana inashuka na mistari. Ukizitoa dola, A2 itasoma C na D, B2 itasoma D na E, rangi zinakaa hovyo. Ukifunga vyote, $C$2 na $D$2, eneo lote ulilochagua linawaka au lote linazima.

Kingine, ukichagua eneo kuanzia A1 huku fomula inasema 2, rangi zote zinaruka mstari mmoja. Kwenye Excel inayohesabika ni seli uliyoanzia kuburuta, kwa hiyo anzia juu.

Mistari mitupu nayo itawaka, usishangae, seli tupu inasomwa kama sifuri na tarehe ndani ya shiti ni namba inayohesabu siku, kwa hiyo sifuri ni zamani sana. Ongeza $C2<>"" (yaani C isiwe tupu) ndani ya AND, imeisha. Na tarehe iliyoingia kama maandishi haitawaka kamwe hata ikiwa imepitwa na mwaka mzima, hapo usihangaike na fomula, rekebisha tarehe zenyewe kwanza.