"The Gambler": ulikwama kwa wengine, kwa Kenny Rogers ukavuma

Mtunzi Don Schlitz aliandika wimbo "The Gambler" ("Mcheza Kamari") mwaka 1976, akiwa na miaka 23, akifanya zamu ya usiku kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville. Mwaka 1978 mwimbaji Bobby Bare aliurekodi, haukufika mbali. Schlitz akautoa kwa sauti yake mwenyewe, ukaishia nafasi ya 65 kwenye chati ya muziki wa kantri ya jarida la Billboard. Kabla mwaka haujaisha, Kenny Rogers akaufikisha namba moja.

Maneno ni yale yale, kwa hiyo jibu la kwa nini ulivuma kwa Rogers lisitafutwe huko. Kasoro ya wimbo huu iko kwenye umbo lake: kiitikio kinakuja baada ya beti tatu nzima. Hiyo ni takriban dakika moja ya mzee mcheza kamari na kijana ndani ya treni, kordi tatu za gitaa zikizunguka, na bado hujapewa cha kuimba. Msikilizaji wa redio hana subira hiyo.

Rogers na prodyuza wake Larry Butler hawakukata ubeti hata mmoja. Walipandisha ufunguo, yaani kiwango cha sauti cha wimbo mzima, kwa nusu toni, kutoka E flati kwenda E, ubeti wa tatu unapoanza. Mahali penyewe pamechaguliwa kwa akili: ndipo kijana anapompa mzee chupa, na mazungumzo yanageuka kuwa mafunzo. Sikio linahisi kuna jambo linakuja, likangoja. Watunzi wengi huweka mpando wa namna hii mwishoni, kiitikio kikishachosha. Hapo unakuwa kiraka tu.

Kwa wapiga gitaa: weka kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya kwanza, piga maumbo ya D, G na A. Ukifika ubeti wa tatu, kapo iende freti ya pili, maumbo yabaki yale yale. Ukiisogeza kwa haraka itavuta nyuzi pembeni na gitaa litatoka kwenye tyuni. Kama mko wawili, dawa ni rahisi: gitaa la pili likae tayari na kapo freti ya pili, liingie pale la kwanza linaponyamaza.

Kosa la waimbaji, nalo ni sugu kwenye baa zetu za kantri kule Kenya, ni kupaza sauti tangu mstari wa kwanza. Rogers anasimulia beti kama mtu anayeongea, kwa ile sauti yake ya mkwaruzo, na nguvu anaiweka akiba. Ukianza juu, nusu toni ile haitasikika kabisa.

Wimbo ulizoa Grammy mbili: ya utunzi wa Schlitz Februari 1979, na ya uimbaji wa Rogers Februari 1980. Mwaka huo huo wa 1980 kituo cha CBS kikaonyesha filamu ya televisheni iliyotokana nao, Rogers mwenyewe akiwa ndiye mcheza kamari. Mwaka 2007 timu ya raga ya England iliufanya wimbo wake kwenye Kombe la Dunia. Kiitikio, bila shaka. Beti tatu za mwanzo hakuna anayeziimba uwanjani.