Je, wajua kwa nini metronomu huonekana kama inachelewa?

Mwanafunzi wa gitaa anawashiwa metronomu, mashine ya kupiga tiki kwa kasi isiyobadilika, kwa mara ya kwanza. Anaanza vizuri: mapigo manne, nane, kumi na mbili. Akifika kwenye kipande anachokijua sana anakunja uso na kusimama. "Mwalimu, hii mashine inachelewa." Anapelekwa mbele hadi kipande kigumu, pale penye kubadilisha kodi tatu (nyuzi kadhaa zinazolia pamoja) haraka haraka, na sasa mashine ile ile inamkimbia. Haijabadilika hata chembe. Ilikuwa ikipiga mapigo 80 kwa dakika tangu mwanzo, na ingeendelea hivyo hata kama chumba kingekuwa kitupu.

Kilio hicho nimekisikia mara nyingi, na nilipoanza kujifunza nilikitoa mimi mwenyewe. Mwanafunzi hasemi uongo. Hivyo ndivyo anavyosikia kweli. Kwa hiyo anastahili jibu kubwa kuliko kuambiwa tu "fuata mashine".

Jibu linaanzia hapa: sikio halingoji pigo. Tunapofuata mdundo, ubongo hupima nafasi iliyopita kati ya pigo na pigo, hukisia lijalo litatua wapi, kisha huutuma mkono kabla pigo lenyewe halijafika. Watafiti wamelipima jambo hili kwa kumwambia mtu agonge kidole mezani sambamba na mlio unaojirudia. Kidole hutangulia mlio, mara nyingi kwa makumi ya milisekunde, na mgongaji anaona vimetua pamoja. Kwa wanamuziki waliozoea, pengo hilo ni dogo zaidi. Tena, sehemu za ubongo zinazoendesha mwendo wa mwili huamka mtu anaposikiliza mdundo, hata akiwa ametulia kitini. Mguu unaogonga sakafu peke yake ngoma inapolia hauna utovu wa adabu, umeshapata ujumbe.

Sasa, makisio ni makisio, na huyumbishwa na kazi iliyo mikononi. Kipande chepesi vidole hukimaliza mapema, na vikikosa la kufanya hulikimbilia pigo lijalo. Kipande kigumu hudai muda ambao wimbo haukuutoa, mpigaji akauiba bila kujua. Ongeza hofu ya kusimama mbele za watu: wimbo uliofanyiwa mazoezi kwa utulivu jioni ya Alhamisi, Jumapili kwaya inaumaliza mapema na mpiga kinanda yuko hoi. Kila mmoja ndani ya kwaya angeapa kwamba kasi ilikuwa ile ile.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoanza hawalitarajii: polepole ni ngumu kuliko wastani. Nafasi kati ya mapigo ikirefuka, kosa la makisio nalo hukua. Mapigo yakiachana kwa takriban sekunde mbili, watu wengi hawawezi tena kukisia. Wanabaki kusikia mlio kwanza ndipo wagonge, wakichelewa kila mara. Kwenye metronomu za kizamani kipimo cha chini kabisa ni 40, yaani pigo moja kila sekunde moja na nusu. Hata hapo, jaribu kupiga makofi dakika nzima uone.

Na mashine yenyewe, nani anaishikilia isiyumbe? Ile ya kizamani, yenye umbo la piramidi ya mbao, ni timazi inayobembea. Timazi ya uzi na jiwe ina sheria moja nzuri: muda wa kubembea hutegemea urefu wa uzi, si uzito wa jiwe. Ili ibembee upande mmoja kwa sekunde moja, yaani mapigo 60 kwa dakika, uzi unahitaji karibu mita moja. Kwa mapigo 40 unahitaji zaidi ya mita mbili. Mwaka 1696 Mfaransa Étienne Loulié alieleza chombo cha namna hiyo cha kupimia kasi ya muziki. Kilikuwa kirefu kama mtu mzima, na hakikutoa sauti, ilibidi ukitazame.

Aliyeufungua mlango ni Dietrich Nikolaus Winkel, fundi aliyeishi Amsterdam. Mwaka 1814 aligundua kwamba ukiweka uzito pande zote mbili za egemeo, pale fimbo inapobembelea, mmoja chini na mmoja juu, wa juu hupingana na wa chini, na fimbo fupi ya kuwekwa mezani inaweza kubembea taratibu kama uzi wa mita mbili. Ukipandisha uzito wa juu, mwendo unapungua, ukiushusha, unaongezeka. Mvumbuzi Johann Maelzel aliliona wazo hilo, akaliongezea kipimo chenye namba, na mwaka 1815 akajipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa jina lake. Wataalamu wa Uholanzi baadaye waliamua kwamba wazo lilikuwa la Winkel, lakini maji yalikuwa yameshamwagika: mtunzi wa muziki Beethoven alikwisha kutangaza mwaka 1817 namba za kasi za simfonia zake nane kwa kipimo cha Maelzel, na herufi M.M., yaani metronomu ya Maelzel, zikaendelea kuchapwa juu ya nota kizazi baada ya kizazi. Mimi nikiziona humkumbuka Winkel.

Zitazame pia namba za kipimo hicho. Hazipandi moja moja: 60, 63, 66, 69, 72, kisha 76, 80, 84, na huko juu 144, 152, 160. Kila hatua hapo ni karibu asilimia tano ya namba iliyotangulia, kwa sababu sikio hupima kasi kwa uwiano. Kuongeza mapigo manne ukiwa kwenye 40 ni badiliko kubwa. Kuyaongeza ukiwa kwenye 200 hata hutambui. Nami ngazi hiyo ya zamani naiona bora kwa mazoezi kuliko kubonyeza simu ipande moja moja.

Ukipata ile ya mbao, iweke mahali palipo sawa. Meza ikiinama, mashine huchechemea, tik ikawa fupi na tok ikawa ndefu. Ya simu haina shida hiyo, maana muda wake hutunzwa na kipande cha fuwele kinachotetemeka. Ila usiifuate kwa macho. Binadamu hushika mdundo vizuri zaidi kwa sikio kuliko kwa taa inayomulika, kwa hiyo ifunike skrini.

Kwetu mashine hii ilikuja ikiwa ngeni, lakini kazi yake si ngeni hata kidogo. Katika ngoma za Burundi, ile iitwayo inkiranya huongoza, zile za ibishikizo huifuata, na amashako hupiga mdundo usiokatika chini ya zote. Kwenye taarabu kuna rika, lile tari dogo lenye vichuma vinavyolia. Kwenye dansi kuna manyanga. Yupo mtu amekabidhiwa mwendo, na wengine wamemwegemea. Tofauti ni kwamba huyo ana masikio: wachezaji wakichangamka anaweza kuongeza kasi nao wote wakapanda pamoja, na hilo si kosa, ndiyo ngoma yenyewe. Metronomu haina uwezo huo. Inamfaa aliye peke yake chumbani, asiye na amashako nyuma yake, anayetaka kujua kama mwendo anaodhani anao anao kweli.

Basi itumike vipi? Kwanza weka gitaa chini upige makofi. Chagua 60, na kati ya tiki na tiki hesabu kwa mdomo vipande vinne vilivyo sawa: mo-ja-pi-li, mo-ja-pi-li. Sekunde nzima ni nafasi ndefu ya kukisia. Robo sekunde ni fupi, na makisio mafupi hukosea kidogo. Ukishatulia, chukua kipande kile kinachokusumbua, hicho tu, baa mbili au tatu (baa ni fungu la mapigo, mara nyingi manne), ukipige kwa kasi ambayo huwezi kukosea hata ukitaka. Ukikipita mara kadhaa bila kukaza mabega, panda ngazi moja. Ukikosea, shuka mbili.

Wengi huishia hapo, nami naona ndipo wanapopoteza faida kubwa. Anayepiga kila siku na tiki kwenye kila pigo anajifunza kuegemea, na siku mashine haipo anaanguka. Inabidi uinyang'anye kazi kidogo kidogo. Wimbo ukienda kwa 100, iweke 50, na uzihesabu tiki kama pigo la pili na la nne; ghafla inasikika kama mpiga drams aliye nyuma yako, na la kwanza na la tatu ni juu yako. Ukizoea, iweke 25, tiki moja tu kwa baa nzima; programu nyingi za simu hushuka hadi huko. Mwisho mwombe mtu aizime sauti kwa baa nne, kisha airudishe. Ile tiki ya kwanza inayorudi itakuambia kila kitu: ikikukuta njiani, ulikuwa unaburuta, ikija baada yako, ulikuwa unakimbia. Andika ni ipi. Watu wengi wana ugonjwa mmoja tu kati ya hiyo miwili, na wakishaujua wanajua pa kujiangalia jukwaani.

Kuna dalili moja zaidi, na hii huitambui mpaka ikutokee. Piga makofi na metronomu kwa muda mrefu, bila haraka. Kofi likitangulia kidogo au likichelewa, utasikia sauti mbili, tiki na kofi, kama watu wawili wanaogombea mlango. Likitua penyewe hasa, tiki inamezwa ndani ya kofi na husikii mashine tena. Mara ya kwanza mwanafunzi anapofika hapo hushtuka, akanyamaza, akainamisha sikio kwenye simu. "Mwalimu, imezimika?" Anapoacha kupiga makofi ili asikilize, inasikika tena, 80 kwa dakika, pale pale ilipokuwa.