Alaina za Ng'ambo na Fizi Zinazotoka Damu: Maswali ya Watu Wazima

Maswali haya huulizwa mara kwa mara katika chumba cha matibabu ya meno hapa Tabora na watu wazima walioanza kupangwa meno India, Dubai au Uturuki, kisha wakarudi nyumbani na mfuko wa alaina za kuvaa kwa zamu. Yamejibiwa kwa maandishi kwa sababu wengi wao hufika kwetu wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Alaina ni nini, nayo husogezaje jino?

Ni kifuniko chembamba cha plastiki angavu kinachotengenezwa kwa kipimo cha kinywa cha mgonjwa mmoja na kuvaliwa juu ya meno yote ya taya. Aina iliyotangulia kujulikana sana, Invisalign, iliingia sokoni Marekani mwaka 1999. Kila alaina hutofautiana kidogo na iliyoitangulia, hivyo husukuma jino kwa takriban robo ya milimita, na mgonjwa huibadilisha kila baada ya wiki 1 hadi 2 kadiri alivyoelekezwa. Huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Jino linaposukumwa, mfupa wa upande linakoelekea huyeyushwa na chembechembe za mwili, na mfupa mpya hujengwa upande linakotoka. Tafadhali lishike jambo hili la mfupa, kwa maana majibu karibu yote yanayofuata yanalitegemea.

Fizi zangu hutoka damu kila ninapopiga mswaki. Je, nisubiri hadi nitakaporudi kwa daktari wangu wa India mwezi Desemba?

Hapana, usisubiri. Damu kwenye fizi si dalili kwamba alaina zinafanya kazi. Ni dalili ya uvimbe unaoletwa na ukoga uliokaa kwenye mpaka wa jino na fizi. Ukiachwa, uvimbe huo unaweza kushuka chini ya fizi na kuanza kula mfupa unaolishikilia jino, na mfupa ulioliwa kwa njia hiyo haurudi wenyewe hata kama fizi zitapona. Kulisukuma jino katika hali hiyo ni sawa na kuisukuma nguzo ambayo udongo wa shimo lake unaendelea kuzolewa: itakwenda unakotaka, lakini haitasimama. Mtu mzima mwenye fizi zilizopona anaweza kupangwa meno vizuri kabisa, hata kama alikwisha kupoteza sehemu ya mfupa zamani. Asiyeweza kupangwa ni yule ambaye ugonjwa wake ungali unaendelea.

Daktari wako wa ng'ambo haoni fizi zako kwa picha za simu unazomtumia, hata ziwe safi namna gani. Kina cha mfuko kati ya jino na fizi hupimwa kwa kifaa kinachoingizwa pale pale mdomoni: milimita 1 hadi 3 ni salama, na kuanzia 4 kwenda juu lazima tuulize kuna nini. Kipimo hicho hakihitaji pasipoti. Njoo wiki hii, usihamie alaina inayofuata kabla ya kupimwa, na umjulishe daktari aliyekuanzishia tiba ili tuafikiane naye kama usogezaji usimamishwe kwa muda.

Lakini meno kulegea si ndiyo ushahidi kwamba yanasogea?

Kulegea kidogo, pamoja na maumivu ya siku chache baada ya kubadili alaina, ni jambo la kawaida. Si kawaida jino kuendelea kulegea zaidi wiki baada ya wiki, kuonekana limerefuka, kutoa usaha, kuacha ladha mbaya mdomoni, au kuinuka kiasi kwamba linagonga kabla ya mengine unapofunga mdomo. Wagonjwa wengi hutueleza dalili hizo zote kwa utulivu, kisha huongeza kwamba waliambiwa na jamaa aliyewahi kuvaa waya kuwa "ndivyo ilivyo". Sivyo ilivyo. Tungeomba jamaa huyo asiendelee kutibu.

Mimi huvuta sigara, na fizi zangu hazijawahi kutoka damu. Mimi si niko salama?

La. Katika mkoa unaolima tumbaku kama huu wetu, swali hili linastahili jibu la wazi. Uvutaji wa tumbaku hupunguza damu inayojionyesha kwenye fizi, hivyo ugonjwa huendelea kula mfupa chini kwa chini huku juu pakionekana pakavu na patulivu. Mvutaji hupoteza mfupa wa meno kwa kasi kuliko asiyevuta na hupona polepole zaidi baada ya matibabu. Anayevuta hapaswi kungoja damu hata kidogo. Apimwe kabla ya kuanza alaina na apimwe tena tiba inapoendelea. Mwenye kisukari naye afanye vivyo hivyo, kwa kuwa sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi.

Nimesikia kwamba kusafishwa meno hospitalini huyalegeza.

Ukoga mgumu hauyashikilii meno. Ndio unaoyaharibia mfupa. Ukiondolewa na uvimbe ukapungua, mgonjwa huhisi mianya na ulegevu ambao ulikuwepo tayari ila ulikuwa umefunikwa. Kwa imani hii moja, watu hukaa miaka bila kusafishwa, kisha hupanda ndege kwenda kununua tiba ya mamilioni ya shilingi na kuiweka juu ya ukoga huo huo.

Nilinunua antibayotiki dukani na damu ikapungua. Je, hiyo haitoshi?

Haitoshi, na imekuchelewesha. Dawa inaweza kutuliza dalili kwa siku chache, lakini haiwezi kuung'oa ukoga ulioganda chini ya fizi, kwa hiyo ugonjwa hurudi. Kuacha kupiga mswaki mahali panapotoka damu ni kosa jingine: hapo ndipo panapohitaji mswaki laini mara 2 kwa siku, dawa ya meno yenye floraidi, na uzi wa kusafishia kati ya meno.

Je, naweza kunywa chai nikiwa nimevaa alaina?

Vua kwanza. Chai ya moto huipinda plastiki, na alaina iliyopinda hulisukuma jino mahali pasipokusudiwa. Wenyeji wa Tabora husema kwamba wao hutumia asali badala ya sukari. Asali yetu ni nzuri sana, lakini ni sukari, na ikifungiwa chini ya plastiki ambako mate hayafiki vizuri, huwalisha bakteria wanaotoboa meno. Ukiwa umevaa, kunywa maji matupu. Alaina nayo ioshwe kwa maji ya baridi.

Nifanye nini kabla ya kusafiri?

Anza hapa. Piga eksirei ya meno, pima mifuko ya fizi, safisha ukoga, ziba meno yaliyotoboka, kisha ndipo ukate tiketi. Uliza pia, kabla ya kulipa, ni nani atakayekuona ana kwa ana katikati ya tiba, kwa kuwa mpango wa mtu mzima unaweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi na mara nyingi huhitaji marekebisho njiani. Wagonjwa wengi hupanga safari ya kwanza kwa makini na hawana mpango wowote wa safari ya pili.

Kuna kampuni zinazotuma alaina kwa posta bila kuonana na daktari. Si rahisi zaidi?

Ni bei nafuu kwa sababu hakuna aliyezitazama fizi zako. Kampuni ya Marekani ya SmileDirectClub, iliyouza alaina kwa njia hiyo, ilifunga shughuli zake Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya tiba wakabaki bila wa kuwahudumia.

Nikija kliniki nibebe nini?

Beba alaina unayovaa sasa, ile iliyoitangulia na zote ambazo hujazivaa. Beba pia nakala ya mpango wa tiba inayoonyesha idadi ya hatua na meno yaliyosagwa kidogo ubavuni ili kupata nafasi, eksirei ulizopigwa huko, orodha ya dawa unazotumia, na namba ya simu ya daktari aliyekuanzishia. Kama karatasi hizo hukupewa, njoo bila hizo. Tutaziomba baadaye, fizi zikiwa zimekwisha kupimwa.